Mke wa Mabula

"Hivi bibi yenu anaondoka lini?"

Ndivyo Mama Immaculata, jirani wa ua mmoja, alivyomuuliza Sikujua siku moja bombani, mtaani kwao Nsemulwa, wakati maji yanatoka kidogo kidogo na watu wana nafasi ya kuulizana mambo. Sikujua alikuwa na miaka sita. Kwa mtoto wa miaka sita, swali ni kama kuku aliyefungwa miguu: ukikabidhiwa, unampeleka nyumbani. Alijitwisha kidumu chake kidogo, akafika uani, akamkuta bibi amekaa kwenye kigoda anachambua mchele. Hata kidumu hakukitua. Akauliza mbele ya mama yake, "Bibi, unaondoka lini?"

Suzana, mama wa nyumba, aliangusha mwiko kwenye majivu. Mgeni haulizwi siku ya kuondoka. Hata ukimkuta anafunga mzigo, unamuuliza kimepotea nini umsaidie kutafuta. Alimshika Sikujua sikio, akaanza kumuomba radhi mama mkwe wake, akasema mtoto huyu mdomo wake hauna kizuizi, sijui ameurithi kwa nani.

Bibi Romana hakukasirika. Alipuliza makapi kwenye ungo, akasema, "Mwache mtoto. Mimi ni mke wa mtu, Sikujua. Muulize mume wangu. Akisema niondoke, nitaondoka."

Mume wake alikuwa nyuma ya choo anashona mpira wa matambara. Alikuwa na miaka tisa.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Babu yao, Mzee Mabula, alifariki kijijini Usevya wakati Suzana ana mimba ya miezi minane. Mtoto alipozaliwa akawa wa kiume, mtoto mkubwa wa marehemu, Ngusa, alitoka Usevya na mbuzi, akamnyanyua yule mtoto juu mbele ya ukoo mzima, akasema, "Baba amerudi." Mtoto akaitwa Mabula. Toka siku hiyo kila Ngusa alipomkuta, hata siku zile anatembea bila suruali, alimuinamia na kumwamkia shikamoo. Celestin, baba mzazi wa Mabula na mdogo wake Ngusa, akitaka kumchapa alimuomba samahani kwanza, ndipo alipokata fimbo. Na Bibi Romana alimuita mume wangu, kama bibi wote wa Kisukuma wanavyowaita wajukuu wenye jina la mzee.

Alipokuwa mdogo Mabula aliipenda sana ndoa hiyo. Mke alikuwa anakuja mara moja kwa mwaka, analeta karanga, anaondoka. Lakini mwaka huu mvua za kwanza zilipoanza, Bibi Romana alishuka kwenye basi la Usevya na nusu gunia la mchele, kuku mmoja mwekundu na kifurushi cha kitenge ambacho hakumpa mtu ambebee. Alisema amekuja siku tatu, kwa ajili ya macho. Macho yalitazamwa hospitali, akapewa dawa ya matone. Siku tatu zikaisha. Zikaisha nyingine na nyingine, sasa ilikuwa wiki ya nne, shule zimefungwa, na kuku mwekundu amekwisha kuzoea kutagia kwenye kapu la nguo za Nyamizi.

*

Nyumba ya Celestin ilikuwa na vyumba viwili na sebule ambayo usiku baiskeli za wateja zililala. Celestin alikuwa fundi baiskeli. Suzana alichoma maandazi asubuhi akauza mlangoni. Chumba cha watoto kilikuwa na kitanda kimoja, na kitanda hicho kilikuwa cha Nyamizi, mwenye miaka kumi na mbili, kwa haki ya kuzaliwa kwanza. Sikujua alilala miguuni kwake kwa ruhusa. Mabula alilala kwenye godoro chini.

Alipokuja bibi, kitanda kilikuwa cha bibi bila mtu kuuliza. Nyamizi akashushwa kwa Mabula, na Mabula hata akilala alikuwa anacheza mpira. Asubuhi Nyamizi aliamka na alama za mateke kwenye mbavu. Na juu yao bibi alikoroma. Nyamizi alieleza kwa wenzake kwamba si kukoroma kwa kawaida, ni kama lori la mpunga linapanda mlima, linafika katikati, linazima, mnashika roho mkisubiri, halafu linawaka tena.

Shida ya Mabula ilikuwa nyingine. Yeye aliadhirika. Wavulana wote wa mtaa walicheza kwenye uwanja mbele ya nyumba yao, na bibi alipenda kukaa kibarazani kuangalia ingawa aliona ukungu tu. Mchezo ukifika pazuri, sauti ilitoka kibarazani, "Mume wangu, ugoro umeisha." Au, "Mume wangu, njoo unikate kucha, naona vibaya." Siku moja Mabula alikuwa amebaki yeye na golikipa peke yao. Bibi akasema kwa sauti ya kanisani kwamba mume wake asikimbie hivyo, usiku analalamika magoti.

Uwanja mzima ulikaa chini kwa kucheka. Golikipa mwenyewe alishika nguzo. "Mzee Mabula," walimuambia, "nenda, mama watoto anaita. Utalala nje leo." Toka siku hiyo hakuna aliyempa pasi bila kumuuliza kwanza kama mkewe ameruhusu.

Suzana naye alikuwa na lake, la watu wazima. Sukari iliyokuwa inatosha wiki sasa iliishia Alhamisi. Dagaa aliwagawa kwa kuwahesabu machoni, akajipa mwenyewe mchuzi, akasema leo hasikii hamu. Hilo hakulijali sana. Lililomsumbua ni jembe. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kipande cha shamba cha mahindi na maharage, ardhi imeloa, na majirani wote wamekwisha kupanda. Mara mbili Bibi Romana alimuambia, "Mayu, mama yangu, nipe jembe nijinyooshe mgongo." Mara mbili Suzana alikataa, akisema mama, wewe ni mgeni, kaa upumzike. Mara ya pili alilichukua jembe akalisukuma chini ya kitanda chake, mbali kabisa, lisionekane. Aliogopa macho ya Mama Immaculata juu ya ua. Watu wangesema Suzana wa Celestin anamlimisha mama mkwe mwenye macho mabovu. Kwa hiyo alilima peke yake jioni akishamaliza mengine, na bibi akabaki kibarazani na mikono mapajani.

Na hakuna hata mmoja katika nyumba ile aliyejua kilichokuwa ndani ya moyo wa Bibi Romana, kwa sababu hakumuambia mtu ila Mungu. Hakuja kwa ajili ya macho. Marehemu alimwachia majaruba matatu ya mpunga, na Ngusa alitaka kuyauza anunue pawatila ya kulimia na kukodisha. Alikuwa amekwisha kupata mnunuzi. Kilichobaki ni dole gumba la mama yake kwenye karatasi. Alimuahidi chumba cha nyuma kwake, karibu na jiko, na mke wa Ngusa alikuwa amekwisha kuhamishia magunia ya pumba kwenye chumba hicho, akasema yatabaki humo humo, mama hatumii nafasi kubwa. Bibi Romana alisikia hayo, akasema macho yanamuuma, akapanda basi. Kumsema mtoto wake wa kwanza mbele ya wa pili aliona aibu. Basi alikaa, akachambua mchele, akasali rozari, akangoja kuona kama nyumba hii itampokea au itamvumilia tu. Ni vitu viwili, na mtu mzima anavijua hata akiwa haoni.

*

Barua aliitunga Nyamizi. Alisema kama bibi mwenyewe amesema ataondoka mume wake akitaka, basi shida iko wapi? Mabula alisita. Alisema bibi atalia. Nyamizi akamuambia bibi ni mtani wao, na mtani halii, na akamkumbusha golikipa. Mabula akakubali.

Walijifungia chumbani mchana bibi akiwa kibarazani, wakachana karatasi katikati ya daftari la hesabu. Nyamizi aliandika kwa mwandiko wa kupendeza:

*Mimi Mabula Celestin, wa darasa la tatu, nimemuacha mke wangu Romana kwa sababu zifuatazo. Kwanza, anakoroma. Pili, ananiita mbele ya watu. Tatu, ugoro. Nauli baba atatoa. Kuku wake abaki.*

Hilo la kuku aliling'ang'ania Sikujua, aliyekuwa shahidi. Alisema kuku hana kosa. Alijua kuandika herufi moja tu ya jina lake, akaiandika kubwa kuliko barua.

Bibi hakujua kusoma, kwa hiyo Nyamizi alimsomea, akiwa amesimama kama mwenyekiti wa kijiji. Bibi alisikiliza mkono shavuni. Ilipofika mwisho aliomba arudiwe sababu ya kwanza.

"Anakoroma," Nyamizi alisoma tena.

"Hiyo babu yenu hakuwahi kuilalamikia, miaka arobaini na moja."

"Alikuwa kiziwi?" Sikujua aliuliza.

"Alikuwa na adabu."

Kisha akamgeukia Mabula, aliyekuwa anaangalia vidole vya miguu yake, akamuambia kwa upole kwamba yeye alifunga ndoa kanisani, na kwa Wakatoliki hakuna kuachana kwa karatasi ya hesabu. Kama amemchoka, aende kwanza kwa katekista, katekista akikubali, yeye hana neno. Alicheka kidogo, akaikunja barua mara nne, akaitia kwenye kifurushi cha kitenge.

Watoto waliona amecheka, wakajua mambo yamekwenda vizuri. Jioni hiyo Suzana aliona ugali wa mama mkwe umebaki nusu. Alimuuliza, akajibiwa ni jino la kushoto. Suzana aliondoa sahani akijiuliza ni jino lipi, kwa sababu upande ule bibi hakuwa na meno.

*

Katekista Méthode walimkuta kigangoni, kwenye kanisa dogo la mtaa, anawamba ngoma mpya kwa ajili ya Noeli. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye alikulia kwenye makazi ya wakimbizi ya Mishamo, na alikuwa mtu wa taratibu sana, hata salamu yake ilikuwa na mwanzo, katikati na mwisho. Aliwasikiliza mpaka wakamaliza. Hakucheka, ingawa ngozi ya ngoma ilimponyoka mara mbili.

Aliwauliza bibi ana kosa gani. Wakamueleza la kukoroma. Akasema kama ni hilo, hata yeye angekuwa ameachwa zamani na mke wake Lidia, tena asubuhi ya kwanza. Kisha akauliza ndoa hiyo ya Mabula na bibi ilifungishwa na nani, maana yeye kwenye kitabu cha kigango haioni.

"Baba mkubwa Ngusa," alisema Nyamizi. "Alimnyanyua akasema baba amerudi."

"Basi mimi siwezi kufungua nisichokifunga," alisema katekista. "Aliyefunga ndiye anajua fundo limekaa wapi. Nendeni nyumbani, wanangu, mkamsaidie bibi yenu kuchambua mchele."

Alidhani amewapa jibu la kuwarudisha nyumbani. Nyamizi aliona amepewa njia.

Simu ya Celestin ilikuwa inakaa kwenye kopo la nati pale alipotengenezea baiskeli. Baba yao alipokwenda kuazima spana, Nyamizi alimpigia baba mkubwa. Alimuambia bibi amekaa sana, sasa watoto wanalala chini, na kuna habari ya ndoa ya Mabula ambayo yeye ndiye anaweza kuimaliza. Alitegemea ataulizwa habari za ndoa. Ngusa hakuuliza. Alimuambia Nyamizi ni mtoto mwenye akili sana, na asimsumbue baba yake kwa jambo hilo. Atakuja kesho kutwa.

Nyamizi alirudisha simu kwenye kopo. Alifurahi, ila aliifunika na nati nyingi kuliko alivyoikuta.

*

Ngusa alifika saa sita mchana na pikipiki yake, matope mpaka magotini. Alikuwa mtu mkubwa, mchangamfu, sauti yake ilitangulia kuingia. Alileta mche wa sabuni na muwa mrefu ameufunga ubavuni mwa pikipiki. Alimuona Mabula mlangoni, akavua kofia, akainama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?" alijibu Mabula, kama alivyofundishwa toka anaanza kusema.

"Hatujambo, baba. Ng'ombe wanakusalimia."

Watu walicheka wote, isipokuwa Bibi Romana. Yeye alisikia ile sauti, akakivuta kifurushi karibu na mguu wake.

Suzana alikuwa hana mboga ya kumpa shemeji. Alipika mchele wa bibi, akaazima nyanya kwa Mama Immaculata, ambaye alitoa mbili na kuuliza wageni sasa ni wangapi. Ngusa alikula vizuri, akasifu, akanawa. Halafu akaingiza mkono kwenye koti, akatoa bahasha ya kaki na kidude cha wino cha kuwekea dole gumba, akavipanga mezani kimoja baada ya kingine.

"Mama, nimekuja kukuchukua," alisema. "Tuwahi kabla ya mvua. Na hapa weka dole tu, njiani nipitie ofisi ya kijiji."

Celestin alichukua karatasi kwa mikono yake yenye grisi, akasoma polepole, midomo ikicheza. Alifika mwisho, akarudi juu.

"Kaka," alisema. "Majaruba ya baba?"

Ngusa alieleza, wala hakueleza vibaya. Alisema yeye ndiye anayebaki kule na matope. Jembe la ng'ombe halitoshi tena, watu wote wa kwetu Mpimbwe wanalima na pawatila, na mama hana nguvu ya kuingia jarubani. Alisema ataitunza familia yote kwa mashine hiyo, hata watoto hawa wakifika sekondari. Alimuuliza Celestin kama yeye ana shauri bora zaidi. Celestin alirudisha karatasi mezani. Yeye alikuwa mdogo, na kwa kaka mkubwa aliyemlea yeye Celestin alipoacha shule, mdomo wake haukuwahi kufunguka zaidi ya naam.

"Mimi naona vibaya," alisema Bibi Romana. "Nitawekaje dole kwenye kitu nisichokiona?"

"Mimi nakuonea, mama. Na ukikataa, utakaa wapi? Hapa?" Ngusa alizungusha mkono, na mkono ulipopita vitu vikaonekana kama havijawahi kuonekana: baiskeli tatu sebuleni, mlango wa chumba wenye pazia lililochanika, godoro la watoto limeegemezwa ukutani. "Watoto wanalala chini kwa ajili yako. Wao wenyewe ndio wamenipigia simu nije nikutoe."

Suzana, aliyekuwa amesimama mlangoni na sahani, alimgeukia Nyamizi. Nyamizi aliangalia sakafu, na sakafu haikumsaidia.

Bibi Romana alikipandisha kifurushi mapajani. Kisha akakifungua, akapapasa, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Kweli," alisema. "Mimi nilishaachwa. Na barua ninayo."

Ngusa aliisoma kwa sauti. Alipofika kwenye ugoro alianza kucheka, na kwenye kuku alicheka mpaka akapiga meza, na kidude cha wino kikaruka. Alimtafuta mtu wa kucheka naye, hakumpata. Celestin alikuwa amefunika macho kwa kiganja. Sikujua aliona herufi yake kubwa chini ya karatasi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na la kusema.

"Leteni huo wino," alisema Bibi Romana. "Nisiwacheleweshe watu."

Alinyoosha mkono juu ya meza, dole gumba mbele, na kwa sababu ya ukungu wa macho yake dole lile halikujua linakwenda wapi. Lilitangatanga. Lilipita juu ya karatasi, likapita juu ya bahasha. Ngusa akalishika kwa upole kabisa ili aliongoze.

Mabula alikuwa amesimama karibu na baiskeli. Aliliona dole. Alilijua vizuri kuliko mtu yeyote pale, maana ndiye aliyekata kucha yake juzi.

"Ngusa," alisema.

Hakusema baba mkubwa. Alisema Ngusa, kwa sauti nyembamba, lakini alisema.

"Naam, baba," alijibu Ngusa bila kugeuka. Lilimtoka lenyewe, kwa mazoea ya miaka tisa. Kisha akageuka.

"Hiyo barua nimeifuta. Mke wangu haendi."

Ngusa alitabasamu, akamuambia vizuri, amesikia, sasa akacheze nje wakubwa wamalize. Mabula hakutoka. Alishika usukani wa baiskeli iliyokuwa karibu.

"Majaruba ni ya nani?" aliuliza.

"Ni ya marehemu baba."

"Na mimi ni nani?"

Hapo hata kuku mwekundu aliyekuwa anaokota punje chini ya meza alisikika. Ngusa alimgeukia mdogo wake. Alisema kwa kucheka kidogo, "Celestin, huyu mtoto umemfundisha wewe?" Celestin akatikisa kichwa, na alikuwa anasema kweli.

"Hakufundishwa na mtu," alisema Bibi Romana. Mkono wake alikuwa amekwisha kuurudisha mapajani. "Ulimnyanyua wewe, Ngusa, mbele ya ukoo. Ulichinja mbuzi. Kama ulikuwa unacheza, sema leo hapa ulikuwa unacheza, nami nitarudi Usevya niwaambie wazee kwamba jina la mume wangu lilikuwa mchezo. Halafu nitaweka dole, hata yote kumi."

Ngusa alimuangalia mama yake, akamuangalia mtoto. Alikuwa mtu anayependa mali lakini hakuwa mtu asiyemuogopa baba yake. Na kitu kimoja alikiona ambacho hakikumpendeza: mtoto alikuwa amesimama huku mguu mmoja kaupumzisha juu ya mwingine, mkono kwenye usukani, vile vile marehemu alivyokuwa anasimama akikataa jambo.

"Kaka," alisema Celestin. Alisafisha koo. "Baba amekataa."

"Atalala wapi?" Ngusa aliuliza, sauti imeshuka.

"Kitandani kwake," alisema Nyamizi. "Mimi chini nimezoea." Hakuwa amezoea, lakini Mungu huyapokea hata maneno ya namna hiyo.

"Anakoroma," alisema Sikujua, ambaye ulimi ulikuwa umerudi. "Lakini akinyamaza tunaamka."

Ngusa alirudisha karatasi kwenye bahasha. Alisema mnunuzi atamlaumu. Alisema watazungumza tena baada ya mavuno, na hakuna aliyemkatalia kuzungumza. Alivaa kofia, kisha akakumbuka, akaivua, akasimama mbele ya Mabula. Hakuna aliyejua kama atampiga kofi.

"Naomba ruhusa, baba," alisema.

"Nenda salama, mwanangu. Uendeshe polepole, kuna matope."

Pikipiki iliwaka, ikaondoka. Mabula alikaa chini pale pale kando ya spoku za baiskeli, akalia kwa kwikwi, na Nyamizi akamkinga na kanga yake ili wavulana wa uwanjani wasimuone mzee wao analia.

*

Suzana alikuwa bado ameshika sahani. Aliitua. Alikuwa na maneno mengi kwa Nyamizi, na fimbo ya mpera alikuwa anajua iko wapi, lakini kwanza aliingia chumbani kwake. Walisikia anahema, anavuta kitu chini ya kitanda kwa shida. Alitoka na jembe. Lilikuwa limeota utando wa buibui, akaufuta kwa upindo wa kanga, akapiga goti moja, akamkabidhi mama mkwe wake kwa mikono miwili.

"Mama," alisema, "upande wa maharage bado sijafika."

Kichwa cha Mama Immaculata kilichomoza juu ya ua. Alikuwa ameisikia pikipiki ikija na ikiondoka, na katikati hakusikia vizuri. Aliliona jembe.

"He, Mama Nyamizi. Mgeni mnampa jembe?"

"Mgeni yupi?" aliuliza Suzana.

Bibi Romana alipapasa mpini mpaka akajua mkono ukae wapi. Aligonga kisigino cha jembe chini mara mbili ili mpini ukaze, akafunga kitenge kiunoni, akampita Mama Immaculata kama mtu anavyopita nguzo, na akatoka kwenda shambani bila kusema neno lingine.